MWENYE KUUGUZA NAYE APIMWE

Msomaji, katika kila ukoo yumo mtu mmoja ambaye mzee akiugua, macho yote humgeukia yeye. Aghalabu ni binti ambaye hakuolewa, au aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, au mke wa mwana wa mwisho. Siku hizi hata mjukuu wa kiume aliyemaliza shule na hajapata kazi huweza kuangukiwa na jukumu hilo. Huyo ndiye atakayefunga kibanda chake sokoni na kuhamia kitandani pa mgonjwa. Sisi wengine tutatuma pesa kwa simu, na Jumapili jioni tutauliza, "Mama anaendeleaje leo?" Tukijibiwa kwamba amekunywa uji na amelala, tunamshukuru Mungu na kukata simu.

Ni wachache mno wanaouliza swali la pili: "Na wewe, dada, afya yako je?"

Makala haya yanahusu swali hilo la pili. Yameandikwa kwa ajili yako wewe unayeishi mjini, na wewe mwanafunzi unayengoja likizo, kwa sababu mara nyingi jibu lake limo mikononi mwenu kuliko mnavyodhani.

TUANZE KABATI

Kabati ni soko lililoko Kitui Magharibi, kando ya barabara inayotoka mjini Kitui kuelekea Migwani na Mwingi. Kama ilivyo kwingineko Ukambani, tangu zamani watu wa huko wamekuwa wakienda Nairobi, Thika na Mombasa kutafuta kazi, huku wazee wakibaki na mashamba. Ni nchi kame. Mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, nayo ikikosa kunyesha, ndengu, kunde na mbaazi hukauka shambani na safari ya kwenda mtoni kuchota maji huwa ndefu zaidi.

Tuseme katika boma moja karibu na soko hilo yumo nyanya wa miaka 74, ambaye wajukuu humwita susu. Alipatwa na kiharusi na upande wake wa kulia ukapooza. Binti yake wa miaka 48 ndiye anayemuuguza. Mfano huu tumeutunga, lakini utaona mwenyewe, msomaji, kama hauna sura ya watu unaowajua.

Binti huyu huamka kabla ya mapambazuko. Humgeuza mama yake, humwosha, humbadilishia nguo na kumnywesha uji. Kisha hushika njia ya kwenda kuchota maji yaliyojikusanya chini ya mchanga wa mto. Mtungi wa lita 20 una uzani wa kilo 20, naye huubeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Zamani mtungi mmoja au miwili ilitosha. Sasa, kwa kuwa shuka za mgonjwa hufuliwa kila siku, mitungi imeongezeka. Akirudi, kuni zinamngoja, na jikoni kuna moshi. Usiku nao haumpi nafasi, kwani mgonjwa asiyeweza kujigeuza hafai kulazwa upande mmoja kwa zaidi ya saa mbili hivi, la sivyo atafanya vidonda vya kitandani.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndugu zake wa Nairobi hawalijui. Miaka miwili iliyopita binti huyu aliambiwa kwamba yeye pia ana presha. Alipewa vidonge, navyo vilipoisha hakuvinunua tena. Pesa zinazotumwa kutoka mjini zina jina la mama, naye huona haya kuzigusa kwa ajili yake. Siku kichwa kinapomwuma sana, humeza kidonge kimoja cha mama yake. Kwa hiyo ndani ya nyumba hiyo kuna wagonjwa wawili wanaotumia pakiti moja ya dawa, na hakuna hata mmoja anayepata dozi kamili.

Je, huyu naye akipatwa na kiharusi, ni nani atakayewauguza wote wawili?

MZIGO WA MWENZIO

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mbali huuona mwepesi. Lakini wataalamu walioupima mzigo huu wamegundua kwamba huacha alama mwilini.

Mwaka wa 1995 jarida la utabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Ohio, Marekani. Wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza jamaa waliopotewa na kumbukumbu kwa sababu ya uzee walitiwa kidonda kidogo mkononi kwa kifaa cha daktari. Wanawake wengine 13 wa umri kama wao, ambao hawakuwa na mgonjwa wa kutunza, walitiwa kidonda kama hicho. Vidonda vya wale wasio na mgonjwa vilipona kwa wastani wa siku 39 hivi. Vya wale watunzaji vilichukua siku 48 na zaidi. Uchovu na wasiwasi vilikuwa vimeingia hadi katika damu na nyama.

Miaka minne baadaye, 1999, utafiti mwingine wa Marekani uliwafuata wazee waliokuwa wakiishi na wenzi wao wa ndoa. Wale waliokuwa wakimtunza mwenzi mgonjwa, nao wakawa wameelemewa na kazi hiyo, walionekana kuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasio na mgonjwa, katika muda wa miaka minne. Zingatia neno hilo "wameelemewa." Wale waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo iliyozidi. Kwa maneno mengine, kinachoua ni kuuguza bila msaada wala mapumziko. Hapo ndipo penye matumaini, kwa sababu msaada na mapumziko ni vitu ambavyo jamaa wanaweza kuvitoa.

KWANZA, VIPIMO

Kinga huanza kwa kujua hali yako. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, ilhali zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa maishani mwao. Presha haina kelele. Mtu huweza kuteka maji na kupasua kuni huku mishipa yake ikiumia kimyakimya.

Mwuguzaji wa nyumbani apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa imewahi kupanda au ikiwa mzazi wake alipatwa na kiharusi. Kipimo kikifika 140 juu au 90 chini, na kikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha inayohitaji daktari. Sukari nayo ipimwe asubuhi kabla ya kula. Ikiwa 7.0 au zaidi, kipimo kirudiwe na ushauri utafutwe, kwani huenda huo ni ugonjwa wa kisukari. Na mtu akishaandikiwa dawa zake, ziwe zake peke yake. Dawa ya presha ya mgonjwa mmoja si lazima imfae mwingine, hata kama ni mama na mwana.

Mwanamke wa kati ya miaka 25 na 49 apimwe pia saratani ya mlango wa uzazi, hata kama hana maumivu yoyote. Saratani hii hukua polepole kwa miaka mingi, na dalili za mwanzo zikigunduliwa hutibiwa kabla hazijageuka kuwa ugonjwa. Kipimo cha virusi vya HPV kina faida moja kwa mwenye haya au haraka: mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe akishaelekezwa. Aliye na virusi vya Ukimwi anahitaji kupimwa mara nyingi zaidi kuliko wengine.

"Lakini nitamwacha na nani nikienda hospitali?" Hilo ndilo jibu utakalopewa, nalo ni la haki. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni wahudumu wa afya wa kijamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wapatao 100,000 nchini kote, na mikoba waliyopewa ina mashine ya kupimia presha na kifaa cha kupimia sukari. Kazi yao ni kuzuru maboma. Basi mhudumu akija kumwona mgonjwa, mwenye kuuguza naye akunje mkono wa nguo apimwe papo hapo. Njia ya pili ni siku ya kliniki ya mgonjwa mwenyewe. Mkifika, iwe ni hospitali ya kaunti mjini Kitui, hospitali ya misheni ya Muthale au zahanati ya karibu, mwuguzaji asikae kwenye benchi akishika mkoba wa mgonjwa tu. Aombe kupimwa siku hiyohiyo. Safari moja, nauli moja, watu wawili.

MGONGO NDIO NGUZO

Maumivu ya mgongo ni maradhi ya kawaida kwa wanaouguza wasioweza kujiinua, na mengi yanaweza kuzuiwa bila gharama.

Usimvute mgonjwa kwa makwapa, kwani utaumiza bega lake na kiuno chako. Msogelee karibu, tanua miguu kidogo, kunja magoti, unyooshe mgongo, kisha nyanyuka kwa nguvu za mapaja. Usijipinde kiuno ukiwa umembeba. Geuza miguu yako. Umwambie kabla ya kumwinua, "Susu, tukihesabu tatu tunainuka," ili naye asaidie kwa upande ulio na nguvu.

Tandika shuka imara iliyokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili wakishika ncha zake, mmoja huku na mwingine kule, wataweza kumsogeza au kumgeuza kwa wepesi. Kitanda kilicho chini sana kiinuliwe kwa kuweka vipande imara vya mbao au matofali chini ya miguu yake, mradi kisiyumbe. Na maji, inapowezekana, yaletwe kwa punda au kwa mkokoteni. Kiuno kilichokwisha kubeba mtungi mara nne hakifai tena kumbeba mama.

KUJIKINGA NA MAAMBUKIZO

Kiharusi hakiambukizi, lakini kuna magonjwa yanayomfuata mwenye kuuguza.

Kifua kikuu ndicho cha kwanza. Mmoja akipatikana nacho, wote walio nyumba moja naye waende kuchunguzwa, hata wasiokohoa. Wasiokuwa na ugonjwa huweza kupewa dawa ya kuukinga, na watoto wa chini ya miaka mitano wasikose hata kidogo. Uchunguzi na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Madirisha ya chumba cha mgonjwa yawe wazi mchana kutwa. Hewa safi na jua ni kinga isiyouzwa.

La pili ni damu na majimaji ya mwili. Tulijifunza somo hili kwa uchungu wakati wa Ukimwi, ugonjwa ambao serikali ya Kenya iliutangaza kuwa janga la taifa mnamo Novemba 1999, wakati nyanya wengi waliwauguza watoto wao nyumbani kwa mikono mitupu. Vaa glavu unaposafisha kidonda au kinyesi, kisha unawe kwa sabuni hata kama ulizivaa. Shuka zenye damu ziloweshwe kwanza katika dawa ya klorini kabla ya kufuliwa. Ile ya dukani ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Ukidungwa na sindano iliyotumika, osha mahali hapo kwa maji na sabuni na ukimbie hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai kuanzishwa baada ya saa 72 kupita. Aidha, uliza kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita.

CHAKULA, USINGIZI NA MOYO

Wauguzaji wengi hula mabaki. Mgonjwa akiacha uji, wanaumaliza. Asipouacha, wanalala na chai. Mwenye kuuguza apakuliwe sahani yake mwenyewe, na wala haihitaji kuwa ya kifahari. Muthokoi kwa kunde, ndengu, mboga za majani, uji wa mtama au wimbi, na embe wakati wa msimu wake ni chakula cha kumtosha mtu afanyaye kazi ngumu. Chumvi ipunguzwe isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku kwa kila mtu, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya dukani. Jikoni mfunguliwe tundu la kutolea moshi, au kupikwe nje mvua isiponyesha.

Kuhusu usingizi, hakuna kidonge kinachoweza kuchukua nafasi yake. Anayeamka kila baada ya saa mbili, usiku baada ya usiku, hupandwa na presha, husahau dozi za mgonjwa na hukasirika upesi. Dawa yake ni zamu. Hata akipata usiku mbili tu kwa wiki za kulala chumba kingine, mwili utaona tofauti.

Kisha kuna moyo. Mwuguzaji huweza kumpenda mama yake na papo hapo kumchukia kwa dakika moja usiku wa manane, kisha akajichukia yeye mwenyewe kwa wazo hilo. Jambo hili si dhambi wala laana. Ni uchovu. Lakini akishinda wiki mbili mfululizo bila furaha, hali wala halali vizuri, analia ovyo au anasema kwamba afadhali afe, usimwambie "vumilia." Mpeleke hospitali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu isiyotozwa pesa, nambari 1199, ambapo mtu husikilizwa na kushauriwa.

MWETHYA WA KUUGUZA

Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani watu kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao kwa pamoja, leo kwangu kesho kwako. Kwa mwethya walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kujenga mabwawa ya mchanga. Ni kwa nini basi usitumiwe kuuguza?

Wanawake watano walio katika kundi moja la akina mama wanaweza kukubaliana kwamba kila mmoja atakaa na mgonjwa alasiri moja kwa wiki. Kwa mwuguzaji, hizo ni alasiri tano za kwenda sokoni, kanisani, kliniki, au kulala tu. Kikundi hicho hicho kinaweza kununua sanduku moja la glavu na kugawana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

WEWE ULIYE MJINI

Sasa tugeukie kwako, msomaji wa Nairobi, Machakos au Mombasa. Pesa unazotuma ni msaada mkubwa, lakini zigawe mafungu mawili kwa majina: hili la mama, na hili la dada. Lisipotajwa, hatalichukua.

Pili, hakikisha kwamba dada huyo amejiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mtu mzima kama yeye hafunikwi na kadi yako wala ya ndugu yake mwingine; anahitaji uanachama wake. Kiwango cha chini kabisa kwa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mkiwa ndugu watatu mjini, hizo ni shilingi 1,200 kila mmoja kwa mwaka mzima. Linganisha kiasi hicho na gharama ya kumlaza kwa kiharusi. Aidha, ulizeni ofisini kwa chifu kama mzee amesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi walio na uhitaji shilingi 2,000 kwa mwezi.

Tatu, toa siku zako. Ukipewa likizo ya kazi, wiki moja kati ya hizo iwe yake. Nenda ukae na mama, na umwachie dada nafasi ya kuondoka kabisa pale nyumbani. Usiku wako wa kwanza wa kuamka mara nne utakufundisha mengi ambayo makala haya hayawezi.

Nawe mwanafunzi, usidhani kwamba huna cha kutoa. Likizo ya Agosti na ya Desemba ni ndefu. Unaweza kuchota maji, kusaidia kumgeuza susu na kuandika kwenye daftari saa za dawa na vipimo vya presha vya wote wawili. Kwa kuwa una simu na unajua kusoma maagizo ya dawa, wewe ndiwe karani wa afya wa boma lenu.

Wahenga walisema pia kwamba mganga hajigangi. Anayeuguza hatajipeleka hospitali mwenyewe; atangoja hadi aanguke. Kwa hivyo leo jioni utakapopiga simu Kabati, au Kisii, au Kilifi, au popote kwenu palipo, usikate baada ya habari za mgonjwa. Mwulize dada yako alipimwa lini mara ya mwisho. Akikuambia, "Mimi niko sawa tu, kaka," mwulize tena presha yake ilikuwa ngapi. Asipojua, panga naye siku ya kwenda, mtumie nauli kwa jina lake, na utafute mtu wa kukaa na mama hadi atakaporudi.